Mshono ulikuwa mkavu hospitalini, sasa unatoa usaha

Pole, ndugu, na mama mpe pole. Unauliza iweje mshono uliokuwa mkavu siku ya kuruhusiwa uanze kuvimba na kutoa majimaji mazito wiki moja baadaye. Si ajabu. Bakteria walioingia wakati wa upasuaji huchukua siku kadhaa kuzaliana hadi dalili zionekane, na mgonjwa wakati huo keshafika nyumbani. Ndiyo maana madaktari hufuatilia kidonda hadi siku 30, na hadi 90 kwa baadhi ya upasuaji wa kuweka kifaa mwilini, kama nyonga bandia.

Majimaji membamba kidogo siku za mwanzo hayatishi. Usaha, harufu mbaya, wekundu unaosambaa au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hayo ni mengine. (Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, nawa mikono, gusa pembeni, usikie joto na ugumu.) Mrudishe leo kwa waliompasua, na karatasi zake za kuruhusiwa mkononi. Ukingo wa uvimbe uzungushie kalamu ili waone kama unapanuka.

Vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini usimpe. Vinaweza kupunguza dalili bila kutibu, na usaha uliojikusanya kwa kawaida huhitaji kutolewa.

Kama ana kisukari, mpimeni. Sukari ikiwa juu kidonda huchelewa kupona. Akitetemeka kwa homa, akichanganyikiwa, akihema haraka au mshono ukiachia, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane.