Ukishahesabu Mizani, Rudi Usikilize

Mwalimu mgeni, karibu Kisumu. Ukianza ushairi, usiwatwishe wanafunzi majina ya bahari, yaani aina za mashairi, siku ya kwanza. Andika ubeti mmoja ubaoni, darasa liusome kwa sauti. Mimi hutumia huu niliowatungia watoto wa karibu na ufuo wa Dunga (ngege ni aina ya samaki):

Mvuvi nenda ziwani, samaki wakungojea,
Usikae kitandani, jua likakutokea,
Wateja wako sokoni, ngege wakiulizia,
Nyavu ziko mchangani, nani atakutegea?

Waache wahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Wengi watasema ukwapi wa kwanza, yaani nusu ya mwanzo ya mshororo, una mizani 7, kwani wamemeza "mvu" kama silabi moja. Usiwasahihishe upesi. Watamke polepole, midomo ifumbwe kwenye m: m-vu-vi. Hapo zinatimia 8. Lakini m ya "mwalimu" haisimami peke yake. Mwa-li-mu ni 3. Ionyeshe tofauti hiyo papo hapo, maana huwapotezea alama katika Karatasi ya Tatu, ile ya fasihi katika mtihani wa KCSE.

Vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, havisumbui: "ni" kati, "a" mwisho. Mishororo minne, basi ni tarbia. Waulize tu kwa nini sikuandika "wakiulizia ngege". Wakigundua kuwa kina kingepotea, wameshaelewa kuboronga sarufi, yaani kupindua mpangilio wa maneno, bila kukariri.

Kwenye takriri, yaani marudio, kaa. Miaka yangu ya kwanza mwanafunzi akiandika "kuna takriri" nilimpa alama nikaendelea. Nilikosea, na hadi leo inaniuma. Tazama -ku-: wakungojea, likakutokea, atakutegea. Samaki, jua, nyavu, vyote vimemwelekea mtu mmoja aliyelala. Mshororo wa tatu pekee hauna -ku-. Mimi niliyeutunga sikuwa nimeliona hilo. Aliyeliona ni binti wa kidato cha pili, ambaye mamake huuza samaki. "Mwalimu," akasema, "hawa hawamuulizii yeye, wanaulizia ngege. Wakikosa kwake watanunua kwa mwingine." Darasa zima likageukia ubao kuusoma ubeti upya.

Ubeti wa pili waachie watunge wao. Mshororo wa mwisho ubaki vilevile uwe kibwagizo, kisha uwaulize kama swali lile bado linamhusu mvuvi yuleyule.