Akili inatoroka darasani, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 16, niko sekondari. Mwalimu akianza kufundisha nakuwa vizuri tu, lakini baada ya dakika kama 10 hivi akili inaondoka, macho yapo ubaoni ila mwenyewe sipo, nikija kushtuka wenzangu wameshaandika nusu ukurasa. Usiku nasoma mpaka saa 7 na bado mtihani ukija sikumbuki kitu. Nyumbani wanasema mi mvivu tu. Naumia kwa kweli, nisaidie.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Hilo neno mvivu liweke pembeni kwanza, mvivu hakeshi na daftari mpaka saa 7 usiku. Na mi naona tatizo linaanzia hapohapo. Umri wako unahitaji kulala masaa 8 mpaka 10, sasa ukilala saa 7 ukaamka saa 11 na nusu alfajiri umepata masaa mangapi, hata 5 hayafiki, halafu tunategemea ukae darasani ubongo usidai usingizi wake? Tena ulichosoma mchana kinajipanga kichwani ukiwa umelala, kwa hiyo ukipunguza usingizi ili usome zaidi unateka maji kwa pakacha. Jaribu saa 3 na nusu usiku uwe kitandani, simu ilale chumba kingine.

Halafu unasomaje? Wengi wanarudia kusoma mistari ileile mpaka wanaizoea macho, wanadhani wameelewa. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, alikuwa anakariri silabi zisizo na maana halafu anapima amesahau kiasi gani, akakuta kusahau kunaenda mbio sana masaa ya mwanzo kisha kunapunguza kasi. Ndo maana nakuambia jioni ileile funga daftari, chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka kwenye somo la leo, kisha fungua uone ulichoruka. Itakuwa ngumu, utakwama mstari wa pili, usikimbilie kufungua. Kesho kutwa rudia tena.

Darasani akili ikitoroka usianze kujilaumu, maana ukijilaumu dakika nyingine 5 zinapita, we andika pembeni neno la mwisho ulilosikia uendelee na mwalimu alipo, utamuuliza baadaye. Na usiende shule na njaa.

Kama hali hii unayo toka mdogo, na iko kila mahali, hata kwenye maongezi na shughuli unazozipenda, ongea na mzazi muende kwa daktari, kuna watoto wanaitwa wavivu miaka na miaka kumbe wana tatizo la umakini linalotibika. Wengine wana upungufu wa damu, wengine wana wasiwasi wa mambo ya nyumbani hawajamwambia mtu.

Kitu kimoja hujaniambia, unakaa wapi darasani? Ukiwa nyuma unakunja macho ili uone ubao? Kama ndiyo, kesho omba uhamie mbele, na macho yapimwe.