Mama, nafsi si ndiyo roho?

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa darasa la sita yuko kwenye mafundisho ya kipaimara. Jumamosi amerudi na daftari lina sentensi moja imepigiwa mstari: "Mungu mmoja, nafsi tatu." Akaniuliza, "Mama, nafsi si ndiyo roho? Basi Mungu ana roho tatu? Na Roho Mtakatifu je, ni nafsi au ni roho?" Nikamwambia akaoge kwanza. Nisaidie kabla Jumamosi nyingine haijafika.*
*Mama wa Kipaimara, Morogoro*

Marahaba, mama. Hilo la kwenda kuoga usilionee aibu. Nimefundisha Kiswahili shuleni na dini parokiani zaidi ya miaka thelathini, na watoto niliowatuma kuchota maji kwa sababu hiyohiyo hawana idadi.

Kinachomchanganya binti ni kwamba neno nafsi tumelipa kazi nyingi. Zaburi ya 103 inaanza, "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana", na hapo nafsi ni undani wa mtu, ndiyo ileile inayokusuta ukisema uongo. Katika Mwanzo 2:7 Mungu anampulizia Adamu pumzi ya uhai puani, "mtu akawa nafsi hai". Hapo nafsi ni mtu mzima anayeishi, wala si kitu kilichofichwa kifuani mwake. Roho nayo ina mambo yake: roho inauma, roho mbaya, kukata roho. Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, na yote mawili kwa asili yao yananukia pumzi na upepo. Ndiyo maana mtaani yanapishana bila kugombana.

Lakini nafsi ya daftari la dini iko kwenye daftari jingine la binti yako, la Kiswahili. Mwambie alifungue pale walipojifunza viambishi: ni-, u-, a-. Nafsi ya kwanza, mimi. Ya pili, wewe. Ya tatu, yeye. Darasani hakuna mtoto anayedhani kwamba "wewe" ni roho ya mtu. Nafsi pale ni anayesema, anayeambiwa, na anayetajwa.

Usidhani nakufanyia mzaha wa mwalimu wa sarufi. Neno la Kilatini lililo nyuma ya nafsi hii ni *persona*. Wanasarufi wa Roma walilitumia kwa mimi, wewe na yeye, na kwenye michezo ya jukwaani lilikuwa kinyago cha mwigizaji. Aliyeliingiza katika mafundisho ya Utatu ni Mwafrika, Tertullianus, mwandishi Mkristo wa Karthago, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Mnamo mwaka 213 hivi alikuwa anabishana na watu waliosema Baba na Mwana ni yuleyule mmoja, majina tu ndiyo yanabadilika. Hoja yake mojawapo ilikuwa nyepesi kabisa: sikilizeni Maandiko, kuna anayesema, kuna anayesemeshwa, kuna anayesemwa. Huwezi kujiita mwenyewe "wewe" mbele za watu halafu tukuelewe vizuri.

Sasa chukua Biblia, Marko sura ya 1, ubatizo mtoni Yordani, umsomee binti polepole. Sauti inasema, "nimependezwa nawe." Mwambie aitafute *ni-* na mwenye *ni-* ni nani. Halafu *nawe*, anaambiwa nani. Kisha rudini mstari mmoja nyuma: Roho, kama hua, *a*kishuka juu yake. Nafsi tatu ndani ya mistari miwili, na kila moja ina kiambishi chake. Msigawe tu vyeo kwa mpangilio huo, kwa kuwa katika Yohana 17 Mwana ndiye anayesema "mimi", na Baba ndiye "wewe".

Mtoto mwerevu atakurudia: basi si ni watatu? Usimkaripie. Swali hilo aliulizwa askofu Gregorio wa Nyssa karne ya nne, tena kwa ukali zaidi: Petro, Yakobo na Yohana wana utu mmoja, na bado tunasema watu watatu, kwa nini Baba, Mwana na Roho wasiwe miungu mitatu? Jibu lake linaangalia kazi. Wakulima watatu wana kazi ya aina moja, ila kila mmoja yuko shambani kwake na jembe lake. Ukiumwa wewe, mimi naendelea kulima. Kwa Mungu hakuna shamba la Baba na shamba la Mwana. Tendo ni moja, linaanza kwa Baba, linapita kwa Mwana, linakamilika katika Roho. Mimi jibu hilo halinimalizii kiu yote, lakini sijaona linaloizidi kwa uaminifu.

Kuna mifano miwili ya kukaa nayo mbali. Wa kwanza ni mafiga. Kila figa ni theluthi ya jiko, na Baba si theluthi ya Mungu. Wa pili ni wangu mwenyewe, wa ujanani. Niliwafundisha watoto kwamba maji, barafu na mvuke ni kitu kimoja katika hali tatu, wakafurahi, nami nikajiona fundi. Paroko alikuwa barazani anakunywa chai. Aliniita, akanimiminia kikombe, akasema, "Mwalimu, leo umewafundisha uzushi wa Sabellius, tena umeufundisha vizuri kuliko yeye." Huyo naye alisema Baba, Mwana na Roho ni mmoja yuleyule anayebadili sura. Maji yaleyale hayawezi kuwa barafu na mvuke kwa wakati mmoja, wala barafu haiuambii mvuke "nimependezwa nawe".

*Mwalimu, majirani zangu Waislamu husema "dhati ya Mungu". Sisi katika Nasadiki tunasema "mwenye umungu mmoja na Baba". Je, hatukuwa na neno la kifalsafa?*
*Msomaji, Mombasa*

Tulikuwa nalo hilohilo dhati, yaani asili ya kitu, kile kinachokifanya kiwe kilivyo, na si baya. Lakini nenda sokoni usikilize linavyotumika: nia ya dhati, shukrani za dhati. Limehamia kwenye ukweli wa moyo. Umungu umeundwa hapahapa nyumbani kwa u- ileile ya mtu na utu.

Neno linalotafsiriwa ni la Kigiriki, *homoousios*, yaani wa asili ileile moja, la mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Nikea, mwaka 325, mji ambao leo ni Iznik nchini Uturuki. Arius, padre wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, cha juu kabisa, lakini kiumbe. Maaskofu walitafuta neno ambalo hangeweza kulizunguka. Baadaye wengine walipendekeza *homoiousios*, yaani wa asili inayofanana, na tofauti ni herufi moja, iota. Watu hucheka kwamba Kanisa liligombania herufi. Mswahili acheke kwa tahadhari: *amekufa* na *amekufia* nayo ni herufi moja, na mazishi ni tofauti.

Kasoro ya umungu ni ileile ya Petro na Yakobo hapo juu, wenye utu mmoja na bado ni watu wawili, na pia kwamba ndugu yake, utu, siku hizi maana yake ni tabia njema. Hata hivyo ningeuchagua tena.

*Mwalimu, kwenye tangazo la kwaya niliandika "Roho Takatifu imeshuka" kwa sababu roho iko ngeli ya I-ZI. Katibu amenikatalia. Nani yuko sahihi?*
*Mwanakwaya, Tabora*

Katibu. Sarufi unaijua, na roho yako *inauma* kihalali. Lakini huyu ni nafsi, si kitu, kwa hiyo tunasema *Mtakatifu*, tunasema *ameshuka*. Kwa Kigiriki *pneuma* si ya kiume wala ya kike, na kivumishi chake kinalazimika kuifuata. Kiswahili kilikuwa na nafasi ya kuchagua, kikachagua. Angalia pia mwanzo wa Injili ya Yohana: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu." *Naye*, si *nalo*. Rekebisha tangazo, na umwombe katibu akuonyeshe pia pale ulipoandika "mazoezi yataanza saa kumi kamili kasorobo".