Shangazi, nimempa fundi vipimo vya mwili ambao sina

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga. Asubuhi nauza maandazi na bagia, mchana nashinda nyumbani. Nina kilo 92. Baada ya miezi mitatu shemeji yangu anaoa, na mawifi wamechagua sare ya kubana. Mmoja wao akasema mbele za watu kwamba mimi nitahitaji kitambaa cha watu wawili. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Nikaweka lengo: siku ya harusi niwe na kilo 65. Fundi nimeshampa vipimo vya huo mwili wa kilo 65 ili nisije nikarudi nyuma. Usiku sili, nakunywa chai ya kupunguza tumbo niliyoinunua mtandaoni, na kila nikiamka napanda mizani. Wiki ya kwanza nilishuka kilo tatu, ya pili nikapanda mbili. Juzi usiku nilikula maandazi yote yaliyobaki, nikalia. Mume wangu anasema niache, ananipenda hivi hivi. Nifanyeje? Halafu mama yangu ana sukari, na mimi naogopa. — Mama Maandazi*

Marahaba mwanangu. Kabla hujamaliza kusoma, mpigie fundi. Kama hajakata kitambaa, mwambie akupime upya mwili ulio nao leo, aache na akiba ya kutosha kwenye mishono. Wiki moja kabla ya harusi utakwenda kuijaribu, na ikiwa imekupwaya ataibana. Sare iliyokatwa ndogo haina dawa, na miezi mitatu ya kuiwaza ikikungoja dukani kwake itakutia kiwewe tu.

Sasa tupige hesabu. Kutoka 92 hadi 65 ni kilo 27. Miezi mitatu ni wiki kama 13, yaani zaidi ya kilo mbili kila wiki. Wataalamu wa afya kwa kawaida hushauri kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kwa hiyo hata ukifanya kila kitu vizuri, siku ya harusi utakuwa umepungua kilo sita, kumi, labda kumi na mbili. Lengo lako lilikuwa limeshakushinda siku ileile ulipoliweka, ndiyo maana unalia. Hukosi bidii. Mtu anayeshinda na njaa tangu magharibi, amezungukwa na ndoo ya maandazi, atayala. Hata mimi ningeyala.

Zile kilo tatu za wiki ya kwanza zisikusumbue, wala mbili zilizorudi. Chai nyingi za kupunguza tumbo huwa na sanamaki, ile ile ambayo bibi zetu waliitumia kufungua choo. Inakuharisha, unapoteza maji, mizani inashuka. Ukinywa maji inapanda. Mafuta ya mwilini hayajaguswa. Iache leo, na yule dada wa mtandaoni usimdai hela yako, utapoteza muda.

Mizani nayo ipande mara moja kwa wiki: siku ile ile, asubuhi, kabla ya chai. Uzito wa mwanamke hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa sababu ya chumvi, maji na siku zake, hata kama hajanenepa. Ukiwa kwa fundi, mwambie akupime na kiuno kwa futi yake, uandike. Kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80 hatari ya maradhi huanza kuongezeka, kikipita 88 ndiyo huwa kubwa. Mara nyingi futi hukupa habari njema wakati mizani imenuna.

Mwanangu, barua nzima umeniandikia habari za sare na mawifi, na la mama yako ukalichomeka mwishoni. Kwangu mimi barua inaanzia pale. Harusi ni siku moja. Mambo ya sukari ni ya maisha. Na la sukari ndilo lina lengo unaloliweza. Mwaka 2002 Marekani walitoa matokeo ya utafiti mkubwa, watu zaidi ya 3,000 wenye uzito mkubwa ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijawa ugonjwa. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Baada ya takriban miaka mitatu, waliopata ugonjwa katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale ambao hawakupewa mpango huo wala dawa. Asilimia 7 ya kilo zako 92 ni kilo sita na nusu hivi. Kwa hiyo andika lengo lako jipya: kutoka 92 kufika 85, bila kukimbilia harusi. Ukifika, tutaandikiana tena.

Lakini hata hiyo 85 huwezi kuiamrisha. Unachoweza kuamrisha ni miguu yako na sahani yako, basi malengo ya kila siku yawe hayo. Usiseme "nitafanya mazoezi", hilo halina saa wala mahali. Sema: Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na moja jioni jua likipoa, navaa raba na baibui langu, natembea nusu saa. Nusu saa mara tano ndiyo hizo dakika 150. Una bahati ya kuishi Tanga, mji tambarare. Ingia Ngamiani, barabara zile za namba, uhesabu: wiki hii umegeukia barabara ya sita, wiki ijayo ya nane. Mwendo uwe wa kukuruhusu kuzungumza na shoga yako lakini usiweze kuimba. Mkiweza kuimba taarabu njia nzima, mnatembea kama mnasindikiza mgeni. Jumapili wapeleke watoto Raskazone, mtembee ufukweni.

Ukianza na dakika kumi si aibu. Ukikosa siku mbili kwa mvua au mtoto kuumwa, siku ya tatu unaendelea pale pale. Hakuna cha kuanza upya Jumatatu. Mara mbili kwa wiki ongeza kuinuka na kukaa kitini bila kushika kitu, mara kumi, pumzika, rudia, maana misuli nayo inataka kazi.

Kwenye chakula nakupa mambo mawili tu. La kwanza, usiende kwenye karai na njaa. Kunywa chai yako kwanza na yai la kuchemsha au maharage, kisha ndiyo uchome. Kuonja kuwe andazi moja, limehesabiwa, limewekwa kwenye kisahani. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4, ndiyo maana vya kukaanga vinanenepesha haraka. Yanayobaki yauze nusu bei au yagawe kwa majirani kabla ya giza. La pili, kula usiku, tena mapema: samaki, mchicha, na ugali au bada (ugali wa muhogo) kiasi cha ngumi yako. Sukari kwenye chai ipunguze kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea.

Mume wako usimfanye adui. Kukupenda hivi hivi ni jambo jema, ila mweleze kwamba unachokimbia ni ugonjwa wa mama yako, si mwili wako. Kisha mpe kazi: saa kumi na moja abaki na watoto. Wifi huyo hahitaji jibu, na harusini ule pilau.

Kabla ya kuanza, nenda kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Bombo, wakupime presha na sukari. Usile wala kunywa chochote ila maji tangu usiku, ili kipimo cha sukari kisomeke vizuri, na uwaambie wazi kuwa mama yako anaumwa. Kama unanyonyesha, au kuna dawa unatumia, waambie hayo pia kabla hujabadilisha ulaji wako. Majibu yaandike kwenye daftari lile lile la uzito na kiuno, urudi kupima tena baada ya miezi mitatu.