Udi Hautibu Wigi Linalonuka

Msomaji mmoja wa Shela, hapa hapa Malindi, ameniandikia: wigi lake la nywele za binadamu lanuka uvundo, kichwa kinamuwasha usiku, basi nimwambie alifukize udi gani. Dada yangu, chetezo kiweke kando. Udi utafunika harufu tu, fangasi watabaki.

Mimi nina saluni, na jambo hili limenitoa machozi. Bi harusi mmoja alitoka mabaka kichwani, nywele zikinyonyoka, akatangaza mtaa mzima kwamba vitana vyangu vimempa mapunye. Vitana vyangu, ninavyoviosha na kuvitia dawa kila mteja akiondoka! Daktari wa ngozi alimuuliza swali moja: wigi la nani? Kumbe la kuazima. Limevaliwa na wifi, na binamu, na mashoga, kila kukiwa na harusi. Walionisema hawajaja kuniomba radhi mpaka leo. Tukikutana sokoni nawaamkia, wao waangalia nyanya.

Fangasi wa mapunye hula keratini, yaani protini inayojenga nywele, na mbegu zao huweza kukaa miezi kwenye nywele zilizong'oka, kitana au kofia. Malassezia, wa jamii ya hamira anayehusika na mba, yeye hutaka mafuta ya kichwa. Kwa hiyo wewe unayejimwagia mafuta ukidhani watuliza muwasho, unamwandalia karamu. Halafu na joto letu la kaskazi! Umesuka nywele zina maji, ukavaa wigi, juu yake mtandio: utosi ni wali uliopaliliwa makaa.

Basi kausha nywele kabla ya kuvaa. Usiku vua. Osha wigi kwa shampuu, hasa kofia yake ya ndani, ligeuze, lianike penye upepo likauke kabisa. Narudia, likauke kabisa. Wanawake tunaopenda kupendeza tunajua kununua, kutunza ndiko kunakotushinda, na kuazimana tumekufanya undugu.

Ukiona mabaka yasiyo na nywele, nenda hospitali. Mapunye hutibiwa kwa vidonge, kama griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa. Dawa ya kupaka pekee haifiki kwenye shina la nywele. Na wigi hilo usimpe mdogo wako, maana watoto ndio mapunye huwashika zaidi.