Nilizima taa mama mdogo alipobisha hodi

Wiki hii nimepata barua mbili zinazofanana bila kujuana. Ya kwanza fupi, na jibu lake fupi.

*Shikamoo Mama. Naendesha bodaboda hapa Makambako. Jumapili ndiyo siku yenye abiria kuliko zote, watu wanakwenda kanisani na kwenye sherehe. Mzee mmoja wa kanisa amenisema mbele za watu kwamba naivunja siku ya Bwana. Nikikaa nyumbani, hesabu ya tajiri mwenye pikipiki haitimii. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Huyo mzee siku hiyo alifikaje kanisani? Kama alipanda bodaboda, mwambie... basi, usimwambie kitu, ni mkubwa wako.

Bwana wetu alisema sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato. Utaikuta Marko 2:27. Nesi wa zamu anafanya kazi Jumapili, mlinzi anafanya, dereva wa basi la Songea anafanya, na sijasikia mtu akiwasema. Ila siku yako lazima uwe nayo. Kama ni Jumatatu, iwe Jumatatu kweli: pikipiki ikae ndani, ufunguo ashike mama yako. Kaa na tajiri mpatane hesabu ya siku sita. Mkumbushe kwamba pikipiki isiyopumzika nayo hula injini. Na kama kanisani kwenu kuna ibada ya alfajiri, ingia, helmeti iweke chini ya benchi. Ukitoka, abiria wa ibada ya pili ndio kwanza wanajipanga barabarani.

Barua ya pili imenikalia moyoni siku nne.

*Shikamoo Mama. Ni mama wa watoto watatu, tunaishi Uyole, hapa Mbeya. Nauza viazi soko la Mwanjelwa, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma, kwa wiki analala nyumbani mara mbili. Uyole unaijua, anayetoka Tukuyu au Kyela lazima apite hapa, basi kila ndugu mwenye kadi ya kliniki hospitali ya Rufaa au Meta anashukia kwangu. Mwezi wa tano nilihesabu siku 19 zenye wageni. Jumapili ndiyo mbaya zaidi. Natoka kwaya, naingia kikao cha akina mama, nikirudi nakuta watu sita sebuleni wanasubiri chakula. Ninaye binti wa kazi, lakini siku hizi ana kisirani.*

*Sasa dhambi yangu. Wiki iliyopita, saa tatu usiku, nikasikia hodi. Sauti niliijua, ni mama mdogo wangu wa Kiwira. Nikazima taa. Nikakaa kitandani gizani, mkono wangu umemziba mtoto mdomo. Alibisha kama mara nne, akaniita kwa jina langu la utotoni, halafu nikasikia kitu kizito kinawekwa chini na ndala zake zikiondoka. Asubuhi nikakuta mkungu wa ndizi mlangoni, umelowa umande. Sijui alilala wapi. Hajanipigia, na mimi sijampigia. Ndizi zimeanza kuiva, nashindwa hata kuzigusa.*

*Tunafundishwa kwamba wengine waliwakaribisha malaika bila kujua. Je, mimi nimemfukuza malaika? Na ni dhambi mwanamke kutamani siku moja tu ya kulala?*

Ugonile, mwanangu. Nakusalimu kwa salamu ya kwetu. Watu wa Rungwe tukikutana asubuhi tunaulizana kwanza, umelala? Wewe sina haja ya kukuuliza. Barua yako imeingia kwenye simu yangu saa sita na dakika arobaini usiku, na saa kumi na moja ulikuwa unakwenda Mwanjelwa.

La mama mdogo nitaliweka mwisho, maana ndilo gumu. Naanza na binti, ambaye katika barua nzima umempa mstari mmoja.

Nilikuwa mke wa mchungaji kwa miaka 32, kwa hiyo wageni nawajua. Zamani hizo tulikaa kwenye usharika mmoja wa milimani, mahali ambapo mvua haina msimu wa kupumzika na magugu nayo hayana. Nilikuwa na binti wa kunisaidia, miaka 19. Kila Jumamosi usiku aliwasha pasi ya mkaa, akanyoosha gauni lake la bluu lenye kola nyeupe, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Jumapili asubuhi mimi navaa, nakwenda kuongoza akina mama, yeye namwachia masufuria ya wageni. Jioni gauni linarudi sandukuni. Jumamosi inayofuata, pasi tena, msumari tena. Nilikaa miezi saba bila kuliona gauni lile. Halikufichwa. Nilikuwa napita mbele yake nikienda kuchukua chumvi.

Siku nilipoliona nilishindwa kula. Nikafungua Kutoka 20, amri niliyoikariri tangu darasa la kipaimara, nikaisoma kama barua mpya. Amri ile haimwambii mwenye nyumba apumzike peke yake. Inamtaja mwanawe na binti yake, mtumwa na mjakazi, mnyama wa kufuga, na mwisho mgeni aliye ndani ya malango yake. Kumbukumbu la Torati 5 inairudia na kutoa sababu: wapumzike kama wewe, kwa kuwa na wewe ulikuwa mtumwa Misri. Mimi nilikuwa napumzika juu ya mgongo wa mtoto wa mwenzangu, halafu nasimama mbele kufundisha upendo.

Na si Biblia peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate angalau saa 24 za mapumziko kila wiki, na binti wa ndani ni mfanyakazi. Hicho kisirani unachokiona, kabla hujakiombea, kipe Jumapili moja.

Sasa rudi kwa yule wa mwisho kwenye amri, mgeni. Siku ya mapumziko naye yumo. Aje apumzike pamoja na nyumba. Sisi tumefanya nini? Mgeni akiingia, jogoo anakimbizwa, mtoto anatumwa soda, vitambaa vya makochi vinabadilishwa, na mwenye nyumba anapotelea jikoni mpaka mgeni anaaga. Mgeni amekaa saa tatu nzima na picha za ukutani. (Vitambaa vya kufuma ninavyo 16 kabatini, kwa hiyo sikusemi wewe.) Luka anasema Martha alihangaika kwa utumishi mwingi. Kupika hakukatazwa. Huo wingi ndio ulioleta kelele.

Fanya hivi. Maharage yaloweke Jumamosi usiku. Jumapili ukiamka, mwaga maji yale, tia mapya, yachemshe kwa moto mkali nusu saa nzima, usiwe na haraka ya kuipua. Tafuta kapu kubwa, lijaze majani makavu ya mgomba, zamisha sufuria humo na mfuniko wake, juu funika blanketi kuukuu. Kisha nendeni kanisani wote, wewe, watoto, binti na gauni lake, wageni, hata huyo wa kadi ya Meta kama anaweza kutembea. Mkirudi saa saba, maharage yameiva au yamebakiza kidogo, na bado yanatoa mvuke. Kazi iliyobaki ni kitunguu, mafuta na chumvi. Viazi wamenye wageni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na kwa kuwa wewe ni muuza viazi, mpe kisu na ndoo. Wakalishe jikoni. Juni hii kwa baridi ya Uyole, nani anataka sebule?

Uone kama hawatacheka zaidi wakimenya viazi kuliko walivyowahi kucheka kwenye makochi yako.

Kuhusu siku 19 za mwezi wa tano, hapo Biblia haitoshi bila kikao cha ndugu. Lazima mnao wengine mjini, wa Soweto, wa Forest, wenye vyumba na magodoro. Mume wako akirudi kutoka Tunduma, yeye ndiye aitishe, maana wewe ukiitisha watasema umechoka na ndugu zake. Mgawane wiki. Na wa kijijini waelezwe wapige simu kabla ya kupanda gari. Petro aliandika tukaribishane pasipo kunung'unika. Huwezi kuacha kunung'unika ukiwa peke yako kwenye zamu mwaka mzima.

Umeuliza kama ni dhambi kutamani kulala. Marko 6:31, Yesu mwenyewe aliwaita wanafunzi wake faraghani wapumzike kidogo, kwa sababu watu walikuwa wakija na kwenda hata nafasi ya kula haikuwapo. Inafanana na kwako kabisa. Lakini nisikudanganye: soma mistari inayofuata, utaona walipanda mtumbwi, umati ukawatangulia kwa miguu, na Yesu aliposhuka akawahurumia, akawafundisha, akawalisha. Kwa hiyo sikuahidi kwamba hodi itakoma. Unaruhusiwa tu kuingia mtumbwini.

Na mtumbwi wako uwe mdogo kwanza. Sisi Wamoravian, tuliofika huku Rungwe mwaka 1891, tuna kile kijitabu cha mistari ya kila siku. Kilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, kabla hakijawa kitabu. Ndugu mmoja alikuwa anatembea nyumba kwa nyumba akiwapelekea watu mstari mmoja wa kushika siku hiyo. Kuchapwa kulianza na mistari ya mwaka 1731. Mimi hupenda kumfikiria yule wa kabla ya kitabu. Anabisha, anasema mstari, anasikia habari za nyumba hiyo, anakwenda inayofuata. Hakuna aliyekimbiza jogoo. Wewe chukua mstari mmoja, uushike kwenye gari kabla hujafika sokoni, basi. Usiku saa nne simu iwe mbali na kitanda, hata kama ni mimi unayeniandikia. Zaburi 127 inasema Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Zawadi haipokelewi kwa mkono ulioshika simu.

Haya, mama mdogo.

Kama ni malaika mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mgeni akija saa tatu usiku, ukiwa huwezi, unaweza kufungua mlango taa ikiwaka ukasema, mama, leo nimeishiwa nguvu, godoro liko pale, chakula hakuna, tutaongea asubuhi. Huo nao ni ukarimu, tena mama mdogo wa Kiwira angetosheka nao. Mtu aliyelala kwenye nyumba za kijijini kwetu haogopi godoro la chini.

Halafu fikiri kidogo kuhusu huo mkungu. Mtu akikuta nyumba tupu, anarudi na mzigo wake, au anauacha kwa jirani. Haweki ndizi kwenye mlango wa barabarani Uyole usiku. Yeye aliziweka kwa sababu alijua kuna mtu ndani. Nadhani hata kuita kwa jina la utotoni ilikuwa ni hivyo.

Kwa hiyo mpigie leo, usingoje Jumapili. Usiseme ulikuwa msibani, usiseme ulilala fofofo. Sema, nilikuwemo, nilikusikia, nilikuwa nimechoka nikazima taa. Atanyamaza. Mwache anyamaze, usijaze maneno. Mwambie ndizi zimeiva na unazipika mchana huu pamoja na binti. Kisha muulize alilala wapi.