Nyumba isomwe na watu, si spika

Wiki hii mmeuliza: ukihamia nyumba ukaiona ina uzito, je, sauti inaweza kuisafisha? Naam, inaweza, ila kwa sharti kwamba iwe sauti ya mtu, na mtu mwenyewe awepo.

Kwetu Tanga nyumba mpya husomwa, yaani husomewa Qur'ani nzima (khitma), kabla kitanda hakijaingia. Msahafu wa khitma huja umegawanywa vijuzuu 30, na kila aliyeketi mkekani anakabidhiwa chake, wanaume ukumbini, wanawake vyumbani. Watoto wa chuo cha Qur'ani wanaachiwa Amma, juzuu ya mwisho, kwa kuwa wameshaihifadhi. Kisha wote wanaanza kwa pamoja. Hapo huwezi kufuata hata aya moja: huyu yumo kwenye kisa cha Yusuf, wa ubavuni mwake yumo kwenye mirathi, na bibi mmoja anasoma kwa kidole, taratibu, mwishowe amaliziwe na mjukuu. Kinachosikika ni mvumo mmoja tu, unapanda hadi darini. Katikati ya mvumo huo mama mmoja anapita na chetezo, ubani unafika nyuma ya milango mpaka stoo. Saa moja ikizidi kidogo, msahafu mzima umeshasomwa humo. Inafuata dua, kahawa na kaimati.

Wengi hutegemea hadithi ya Mtume aliyoipokea Imam Muslim: msizifanye nyumba zenu makaburi, shetani huikimbia nyumba inayosomwa Surat al-Baqara. Sasa, sura hiyo ina aya 286, ndiyo ndefu kuliko zote, na hapo ndipo watu walipoanza kutafuta njia ya mkato. Siku hizi kipo kispika cha kadi. Kinachomekwa asubuhi, mwenye chumba anafunga mlango anakwenda kazini. Masheikh wametofautiana: wapo wanaotaraji kheri hata kwa rekodi, na wapo wanaosema lazima asome mtu. Mimi niko na hawa wa pili, na sababu yangu ni ya korido. Nyumba tuliyopanga hapa Dar ina vyumba sita. Chumba kimoja spika inasoma peke yake, cha pili singeli, nje anapita muuza sumu ya panya na kipaza sauti chake. Al-A'raf, aya ya 204, inataka Qur'ani ikisomwa isikilizwe na watu wanyamaze. Nani anasikiliza hapo?

Majirani zetu Wakatoliki wao huita jumuiya, wakaimba, padri akanyunyiza maji ya baraka. Nao vilevile hawaachii redio kazi hiyo.

Kuhusu huo uzito wenyewe, kabla ya kumtafuta mchawi piga kofi chumba kikiwa kitupu. Saruji na vigae hurudisha sauti, na chumba chenye mwangwi humfanya mtu ajione mgeni. Tandika mkeka, tundika mapazia, ingiza godoro, halafu piga tena. Hizi rekodi za hezi 432 zinazosifiwa mitandaoni kwamba zinatakasa nyumba sina haja nazo. Ala nyingi za muziki duniani huwekwa sauti kwa kufuata noti ya A ya hezi 440 na watu wanaishi nazo salama.

Kama hukupata wasomaji 30, watu kumi wakichukua vijuzuu vitatu vitatu yatosha. Ila hapo pika wali kabisa, kaimati hazitawafikisha.